Msumeno wa baba mdogo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kijiji kimoja cha Mufindi, ukiacha lami ya Mafinga ukaingia ndani kwenye mashamba ya miti. Nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo bado ananyonya. Mume wangu ana miaka 31.

Alikuwa anafanya kazi kwenye dingdong ya baba yake mdogo. Kwa wasomaji wako wasioijua, dingdong ni mashine ya kupasulia magogo inayofungwa hukohuko msituni: injini ya dizeli, mkanda, na msumeno wa duara. Amekaa pale miaka miwili na miezi kadhaa, siku zote isipokuwa Jumapili. Analipwa 12,000 kwa siku, na kila Jumamosi jioni anarushiwa ya wiki nzima kwenye simu. Mkataba wa karatasi hana. Wako saba pale na hakuna hata mmoja aliye nao. Wanne kati yao ni ndugu wa ukoo.

Tarehe 12 mwezi wa tano utomvu wa misindano ulikuwa umeganda kwenye msumeno. Huwa wanaupangusa kwa kitambaa chenye dizeli, na wanaupangusa msumeno ukiwa unazunguka. Ukizima injini asubuhi ya baridi kama ile, kuiwasha tena ni shughuli, na msimamizi anaanza kufoka kwamba mbao za tajiri zinachelewa. Basi kitambaa kikanaswa na meno ya msumeno, kikavuta mkono. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada na cha kati vilikatika palepale. Cha pete kimebaki ila hakikunjiki.

Msimamizi ndiye aliyempeleka hospitali kwa bodaboda, na pale mapokezi ndiye aliyekuwa anajibu maswali. Tumekuja kuona baadaye kwamba kwenye kadi wameandika "amejikata na shoka nyumbani". Nilipomuuliza akaniambia alifanya hivyo kutuepusha na usumbufu.

Mwanzoni baba mdogo hakuwa na neno. Alilipa 180,000 za hospitali, akaleta madebe mawili ya mahindi. Mwezi wa sita akatuma 50,000. Mwezi wa saba kimya. Tarehe 3 mwezi huu wa nane akamtumia mume wangu ujumbe: "Nafasi yako nimempa mwingine, kazi haingoji. Wewe pumzika upone." Juzi amekuja nyumbani na karatasi imechapwa vizuri. Anatoa 300,000, anaziita msaada wa kifamilia, na mume wangu asaini kwamba aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, hakuvaa glavu, na hana madai yoyote sasa wala baadaye. Amempa mpaka mwisho wa mwezi.

Mume wangu anataka kusaini. Anasema kosa kweli lilikuwa lake, na kibarua ana haki gani? Mama mkwe naye ameniambia wazi kwamba nikianza habari za sheria nitakuwa nimeuvunja ukoo, maana baba mkwe alipofariki ni huyuhuyu baba mdogo aliyemsomesha mume wangu hadi kidato cha nne. Hilo ni kweli, siwezi kulikataa.

Jambo jingine naona aibu kulisema. Usiku anaamka anasema vidole vinamwasha, vile ambavyo havipo. Anaukuna mto. Nimeanza kuogopa kwamba akili inamtoka.

Nisaidie, Shangazi. Asaini? Na kama asisaini, tutaishije na hawa watu?

Mama wa wawili, Mufindi

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mumeo.

Barua yako nimeipata tarehe 14 na naijibu leo tarehe 20, mbele ya barua nyingine zilizotangulia, kwa sababu kuna siku zinahesabika ndani yake ambazo wewe mwenyewe hukuzitaja. Nitafika huko. Lakini kama unasoma huku mtoto yuko mgongoni na sufuria liko jikoni, chukua hili kwanza: asisaini. Karatasi ile ikae mezani, ipigwe picha pande zote, na baba mdogo aambiwe kwa adabu kwamba bado inasomwa.

Tuanze na pesa, maana ndiyo lugha ambayo karatasi ile inaizungumza. Mumeo analipwa 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Tuseme siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 312,000. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaufahamu kwa herufi zake, WCF. Mfanyakazi aliyeumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa muda analipwa na Mfuko asilimia 70 ya kipato chake, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Asilimia 70 ya 312,000 ni 218,400. Kwa miezi hii mitatu tu iliyokwisha pita ni 655,200. Ni hesabu yangu ya mkono, Mfuko utapiga ya kwake kwa vielelezo vyenu. Lakini unaona mwenyewe kwamba 300,000 za kufunga mdomo milele hazifiki hata nusu ya kile ambacho mumeo angekuwa ameshakipokea akiwa amelala nyumbani na bendeji.

Na hapo sijagusa vidole. Malipo ya muda ni ya kumshika mtu wakati anaugua. Jeraha likishatulia, daktari akasema hapa ndipo mwisho wa kupona, ndipo kinapimwa kile alichokipoteza moja kwa moja, kwa asilimia. Ikiwa haizidi 30 analipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo analipwa pensheni kila mwezi. Sikutajii asilimia ya mumeo kwa kuisoma barua. Vidole viwili vimekwenda, cha tatu hakikunjiki, na anayepima ni daktari aliyeushika mkono wenyewe. Ninachokuomba ni kwamba kile kidole cha pete kisisahaulike. Watu huwa wanahesabu vilivyokatika tu, vilivyokufa ganzi na kukakamaa wanavisamehe. Gharama za matibabu nazo zimo, pamoja na za huko mbele kama mkono utahitaji kufanyiwa upasuaji tena au mazoezi ya viungo.

Sasa hili la kosa. Nimelisoma mara mbili, maana naona ndilo linalomla mumeo kuliko maumivu. Anasema aliupangusa msumeno ukiwa unazunguka, kwa hiyo alijitakia. Mwambie hivi: fidia ya Mfuko haimtafuti mkosaji. Inauliza kama ameumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi ile. Basi. Mlango unakuwa mgumu kwa mtu aliyefanya utovu wa nidhamu mkubwa kwa makusudi, na kupangusa utomvu kwa namna ambayo wote saba wanaupangusa, mbele ya msimamizi anayefoka injini isizimwe, si makusudi ya namna hiyo. Ni kazi alivyofundishwa.

Tena kama tunataka kweli kutafuta kosa, tusiishie kwa mwenye kitambaa. Ule msumeno una kifuniko? Nimeziona dingdong nyingi, kuanzia Mufindi mpaka kule Njombe, na nyingi meno yako wazi kama mdomo wa mamba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mtambo aziwekee kinga sehemu zinazoweza kumdhuru mtu, awafundishe wanaoutumia, na vifaa vya kujikinga avitoe yeye bila kumkata mfanyakazi hata senti. Inamtaka pia alisajili eneo la kazi kwa wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA.

Na zile glavu! Nilipofika kwenye "hakuvaa glavu" niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu, Mungu anisamehe. Muulize fundi yeyote wa useremala anayejua kazi yake: mbele ya msumeno unaozunguka glavu ni adui. Meno yakiishika ncha ya kitambaa yanavuta mkono wote, na hicho ndicho kilichotokea kwa lile tambara la dizeli. Angevaa glavu, huenda leo tungekuwa tunazungumzia kiganja. Kinachomlinda mtu pale ni kifuniko cha msumeno, kijiti cha kusukumia mbao ili vidole vikae mbali, na injini kuzimwa kabla ya kusafisha. Aliyeiandika hiyo karatasi hajawahi kusimama mbele ya mashine.

Kibarua. Ee, mwanangu, neno hili limewanyima watu wengi haki zao, na halihitaji hata wakili wa kulisimamia. Mtu akishaitwa kibarua anajiondoa mwenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa kama lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anapangiwa saa, anatumia vifaa vya huyo mwingine, anamtegemea huyo kwa riziki yake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Saa 45! Mumeo anazimaliza ndani ya wiki moja. Na mkataba wa maandishi kutokuwepo ni kosa la mwajiri, kwa sababu ni yeye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Asipoyatoa, mkifikishana mbele ya sheria ni juu yake kuthibitisha anachokikana.

Ushahidi mnao, tena umo kwenye simu. Zile za kila Jumamosi zilizorushwa miaka miwili ndizo mkataba wenu. Nenda kwa kampuni ya simu muombe taarifa ya miamala. Ujumbe wa tarehe 3 usifutwe, hata mkigombana na mtu akawaambia mfute kwa ajili ya amani. Simu ikiwa mbovu, upigwe picha kwa simu nyingine leo. Msimamizi nadhani ana daftari anamoandika nani amekuja na nani hakuja. Kama kuna kijana pale anayewapenda, apige picha ukurasa wa mwezi wa tano, na mashine yenyewe jinsi ilivyo sasa, kabla haijavishwa kifuniko.

Halafu ile kadi yenye shoka. Hapo pana kazi, lakini kazi inayowezekana. Msiifute, msiikwangue, msiongeze herufi hata moja kwa kalamu yenu. Kadi iliyochezewa inamgeuza mwenye haki kuwa mshitakiwa. Mumeo arudi hospitali ileile, aombe kuonana na daktari aliyemshona au mganga mkuu, aeleze kwamba maelezo ya mwanzo yalitolewa na mtu mwingine wakati yeye ana maumivu na damu inamtoka, na aombe maelezo yake mwenyewe yaandikwe kwa tarehe ya siku hiyo. Daktari si mtoto. Shoka linapasua, msumeno wa duara unachana na kunyofoa, na mara nyingi vumbi la mbao linabaki kwenye kidonda. Kama walipiga eksirei, muiombe. Kama yupo kijana aliyekuwa amemshikilia mumeo kwenye bodaboda ile, huyo ni shahidi. Na msimamizi, msimchukie sana. Inawezekana kweli alidhani anasaidia, ila usumbufu aliouepusha haukuwa wenu.

Taarifa ya ajali mwajiri alitakiwa kuifikisha kwenye Mfuko ndani ya siku saba. Hakufanya hivyo, na hilo ni lake. Upande wenu mna miezi 12 tangu siku ya ajali kupeleka dai, maana yake hadi mwezi wa tano mwakani. Lakini usilale juu ya hiyo miezi. Nendeni Iringa, Ofisi ya Kazi, mumuone Afisa Kazi, mumueleze na muombe awaelekeze jinsi ya kuufikia Mfuko. Mkiwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya hospitali, picha za mkono na taarifa ya miamala, mtakuwa mmekwenda na vitu vya kuanzia. Kama baba mdogo hajawahi kujisajili kwenye Mfuko, bado nendeni. Kutojisajili ni kosa lake mbele ya sheria, na mtu wa kuulizwa ni yeye.

Sasa zile siku nilizokuambia zinahesabika. Ujumbe wa tarehe 3 Agosti, "nafasi yako nimempa mwingine", ni kumfukuza mtu kazi. Haijalishi umepambwa kwa "pumzika upone". Na mtu anayedai ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku ya thelathini ni tarehe 2 Septemba. Zimebaki 13. Naona baba mdogo amewapa hadi mwisho wa mwezi ili mfikirie. Sisemi amepiga hesabu hiyo, huenda ni bahati tu, ila mkimsubiri na mkianza kujadiliana baada ya hapo, mtajikuta mko nje. Mkichelewa mnaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini kwa nini mwombe mlango ambao leo uko wazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mumeo amefanya kazi zaidi ya miezi sita, kwa hiyo kinga hiyo inamhusu. CMA Iringa hawatozi ada ya kufungua mgogoro, na fomu yao ya kwanza mtu aliyefika kidato cha nne anaijaza bila wakili. Nakala anapelekewa mwajiri. Mkitaka mtu wa kuwashika mkono, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, wasiolipwa na mteja. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu.

Msichanganye mambo haya mawili, watu huyachanganya kila siku. Fidia ya mkono iko kwenye Mfuko, WCF. Kufukuzwa kazi kuko CMA. Ukienda CMA kudai vidole utarudishwa, na ukisubiri Mfuko umrudishe kazini utazeeka.

Sasa ukoo. Najua ndiyo ulioniandikia barua, hizo nyingine zilikuwa salamu.

Mimi nilikulia Mbeya, na kaka yangu aliachia vidole vitatu kwenye mkanda wa mashine ya kusaga nikiwa bado msichana. Enzi hizo ilikuwa inatumika sheria ya zamani tuliyoirithi kwa Mwingereza, ambayo hadi inakuja kuondolewa ukomo wake wa fidia ya kilema ulikuwa shilingi 108,000, na wa kifo 83,000. Kwa fedha hizo watu waliona bora wamwendee tajiri kwa magoti, awape gunia na kaniki, yaishe. Hapo ndipo tulipozoea kuiita fidia msaada. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, Mfuko ukaanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa madai Julai 2016. Baba mdogo wenu, nadhani, bado anaishi katika ile ya zamani. Anaamini kwamba mumeo akidai, basi atauziwa shamba.

Hebu msikilizisheni hesabu hii. Mchango wa mwajiri kwenye Mfuko ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na hautakiwi kukatwa kwa mfanyakazi. Watu saba wakilipwa kama mumeo ni 2,184,000 kwa mwezi. Nusu ya asilimia moja ya hiyo ni 10,920. Haifiki ujira wa siku moja wa mtu mmoja. Kwa mchango huo mdogo, fidia ingelipwa na Mfuko, na baba mdogo angebaki baba mdogo, analeta mahindi yake kwa upendo na hakuna anayemwangalia mikono. Mfuko uliwekwa hasa ili aliyeumia na tajiri wake wasikabane koo.

Sitakudanganya kwamba hataumia kabisa. Kama hakujisajili atadaiwa malimbikizo na riba, na watu wa usalama kazini wakifika pale watauona ule msumeno. Atakasirika. Atasema amelea nyoka. Mama mkwe atakununia, na ukweli ni kwamba atakununia wewe kuliko mwanawe, ndivyo ilivyo kwa sisi tulioolewa. Ndiyo maana nataka mumeo ndiye aseme, siyo wewe. Amwendee baba yake mdogo kabla hajakwenda Iringa, asimkute tu na fomu ya CMA mkononi. Amsalimie, amshukuru kwa shule, amshukuru kwa hospitali. Kisha aseme: "Baba, sikudai wewe. Naomba uniandikie kwamba niliumia kwenye mashine yako, ili niende Mfuko. Na kazi naomba unirudishie, siyo ya msumeno. Naweza kuhesabu mbao, naweza kushika daftari." Mbele ya mtu mzima mmoja wa ukoo anayeheshimika, asiwe mama mkwe. Akikubali, mmeokoa mengi. Na kama bado hajajisajili, ni afadhali aende mwenyewe kuliko kufuatwa. Akikataa, mumeo atakuwa ameondoka kwake kwa heshima, na tarehe 2 Septemba haijafika.

Hata CMA penyewe, hatua ya kwanza ni usuluhishi. Wanakaa meza moja na msuluhishi, wanaongea. Hakuna kizimba. Mweleze mama mkwe hivyo, huenda anafikiria pingu.

Deni la ada ya shule, ambalo mama mkwe analitaja, ni deni kweli. Mumeo alilipe kama watoto wote wanavyowalipa waliowalea, kwa kumtunza akizeeka. Lakini mkono wake wa kushoto haukuwa sehemu ya ada. Na wale wawili wako nao wanataka mtu wa kuwalipia.

Nimeacha la vidole vinavyowasha mwishoni, wala si kwa kulidharau. Mumeo hajarukwa na akili. Mishipa ya fahamu iliyokuwa inakwenda kwenye vidole vile bado iko mkononi na bado inapeleka habari, na ubongo bado unavihesabu vidole vitano. Madaktari wanalijua jambo hili siku nyingi na dawa za kulipunguza zipo. Akirudi kwa ajili ya kadi, alitaje na hilo, liandikwe. Usiku ukimkuta anaukuna mto, wengine hupata nafuu wakisuguliwa taratibu kile kisiki chenyewe, kidonda kikiwa kimeshafunga. Jaribu kwa mkono wako. Na usione aibu kulisema, wala yeye.

Ukimaliza kunisoma, muulize ni nani aliyepewa nafasi yake. Kama ni mmoja wa wale ndugu wanne, au hata kama siye, asubuhi zenu za mwezi wa nane bado ni za baridi na utomvu bado unaganda. Mumeo amtafute huyo kijana kabla ya Jumatatu, amwonyeshe mkono, amwambie injini izimwe na msumeno usimame kabisa ndipo ashike kitambaa. Msimamizi akifoka, afoke.